Sahihi ya P. K. Bhogal

Sahihi ilikuwa pale pale chini ya karatasi, kwa wino wa bluu: P. K. Bhogal.

Na Parminder Kaur Bhogal hakuwa ameshika kalamu wiki nzima.

Hapo ndipo tulipomwacha, mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo pale Wembley, faili la mwenyekiti limefunguka miguuni pake na karatasi zimetapakaa sakafuni. Kama gazeti la Jumamosi lilikupita, au lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, shika haya mawili upesi tuondoke. La kwanza, Parminder ana miaka thelathini na saba, ni dereva wa basi, na ni kapteni wa Nyota, timu ya wanawake ya mpira wa magongo aliyoichezea miaka kumi na minane. La pili, mwenyekiti wa Nyota, Kishor, anataka kumbadilisha. Yeye aende klabu ya Leaside kule Edmonton, na Leaside wamtoe Armelle, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mbio za kutisha.

Kilichokuwa kinakosekana ni kitu kimoja tu. Sahihi ya mchezaji.

Sasa ipo.

"Kishor-bhai!"

Kishor alikuwa anapanga chupa za maji kwenye kreti. Hakugeuka. Huyu ni Mgujarati, Parminder ni Kalasinga, wote wawili wa Kisumu. Lugha yao ya kugombana ni Kiswahili, na wameitumia sana.

"Nani ameweka hii sahihi?"

"Si wewe?"

"Mimi?"

"Imeandikwa P. K. Bhogal. Kwani wewe ni nani? P. K. Patel?"

Parminder akaipasua karatasi vipande vinne.

"Pasua tu," alisema Kishor. "Hiyo ni kopi. Yenyewe anayo Ranjan, katibu wa ligi, ameketi pale mezani na simu yake. Kabla ya saa kumi na moja anaituma, mlango wa uhamisho unafungwa, kwisha."

"Miaka kumi na minane, Kishor-bhai."

"Pammi, mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na goti lako."

"Goti langu limekupa vikombe vinne."

"Na limemaliza barafu yote ya friji ya klabu." Sasa aligeuka. Hakuwa anacheka. "Tangu mwezi wa tisa nimekutoa kipindi cha pili mara sita. Mwaka ujao hata Leaside hawatakutaka. Leo bado wanakutaka. Nifanye nini? Ningoje mpaka nikupe bure?"

"Mimi si gari, unibadilishe kabla sijaanza kutoa moshi."

"Kila timu inafanya hivyo."

"Basi fanya na mwingine. Mimi sitoki."

"Sahihi inasema unatoka."

Parminder akainama, akaokota kile kipande chenye sahihi. Alitaka kukitupia usoni mwa Kishor. Mkono ukasimama hewani.

Ile herufi g.

Mkia wake ulivutwa kushoto, kisha ukakunjwa juu kama ndoana. Mkia ule aliujua. Ulikuwa jikoni kwao, kwenye kila kifuniko cha chupa ya achari ya ndimu, umeandikwa kwa kalamu nene ili majirani wakishakula wakumbuke kurudisha chupa kwa wenyewe. Bhogal. Bhogal. Bhogal.

Kwao kila mwanamke ni Kaur. Na mama yake Parminder, Mungu ampe maisha, anaitwa Poonam.

Poonam Kaur Bhogal. P. K. Bhogal mwingine, nyumba ile ile, mlango ule ule. Miaka yote wamefunguliana barua kwa makosa, mmoja akisoma majibu ya meno ya mwenzake.

Parminder alitoka mbio.

Mama yake alikuwa kando ya uwanja, kwenye kiti cha kukunja, anamimina chai kutoka kwenye chupa kubwa.

"Mami. Umesaini nini?"

"Nani?"

"Wewe."

Poonam alimalizia kikombe kwanza. "Kishor alileta karatasi Jumanne, wewe uko kazini. Akasema hapa panatakiwa P. K. Bhogal. Nikamwambia, P. K. Bhogal anakaa hapa."

"Ukasaini! Ulifikiri ni nini, parseli?"

"Parseli gani? Nilisoma yote. Na miwani."

Parminder aliona kama amepigwa mpira wa kifua.

"Edmonton ni mbali," alisema mama yake. "Mimi nakujua. Mwezi mmoja wa treni na mabasi, utaacha mwenyewe. Kishor ni mjinga, anafikiri anakutoa Nyota. Mimi nakutoa kwenye magongo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila asubuhi unashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Unafikiri nimelala. Nasikia kila ngazi."

"Ni goti langu, Mami."

"Na masikio ni yangu."

Wakatazamana. Hawa wawili wanafanana ukaidi, na hakuna aliyepepesa.

"Nenda kamwambie Ranjan si wewe uliyesaini," alisema Poonam. "Mimi siogopi mtu."

Lakini Parminder aliogopa. Ligi ile haina mchezo na sahihi za kughushi. Mwaka uliopita baba mmoja alimsainia binti yake, akidhani ni jambo dogo la nyumbani, na jina lake likapelekwa polisi. Miezi minne mzee yule alikuwa haonekani hata sokoni, kwa aibu.

Kwa hiyo hesabu ya Parminder ilikuwa fupi. Akisema sahihi si yake, mama yake wa miaka sitini na sita anakwenda kujieleza polisi. Akinyamaza, saa kumi na moja yeye ni mtu wa Edmonton.

"Sasa?" aliuliza mama yake.

"Sasa nina mechi."

Njiani Kishor alimzuia kwa mkono. "Huchezi. Nitaweka msichana mwingine. Wewe kaa, upumzishe goti, tuagane vizuri."

"Karatasi ya majina inaandikwa na kapteni."

"Basi iandike upya."

"Nimeshampa mwamuzi. Muulize jina la kwanza ni la nani."

Akaingia uwanjani.

Na wapinzani siku ile walikuwa nani? Hao hao! Leaside wa Edmonton. Nusu fainali, mechi mbili: ya kwanza hapa Wembley, ya marudiano kwao Jumamosi inayofuata. Na pale katikati, anaruka ruka kupasha misuli, nywele amezifunga juu, ni Armelle mwenyewe.

Filimbi.

Dakika ya tisa, Kishor alipata ushahidi wake. Armelle alichukua mpira karibu na mstari wa kati, akauweka mbele ya gongo, akakimbia. Parminder alikuwa hatua mbili mbele yake. Halafu hatua moja. Halafu wako sawa. Halafu Parminder anatazama mgongo wa jezi ukiondoka, na goti linamwambia usijaribu.

Goli. Leaside moja, Nyota bila.

Armelle alirudi akimpita karibu. "Sorry, auntie," akasema, kwa adabu kabisa, na adabu ile iliuma kuliko tusi.

Kando ya uwanja mama mmoja mwenye kitenge juu ya koti la baridi aliruka akipiga vigelegele. Huyu ni Annonciata, mama yake Armelle, mtu wa Bukavu, anayehudumia wazee kule Edmonton. "Armelle wangu! Ona ule mutoto!"

Kishor alikuwa ameshika kichwa. Hakumtazama Parminder. Hakuwa na haja.

"Mwone Kishor-bhai," alisema Parminder peke yake, akifunga upya bendeji. "Tayari anapanga chumba cha mgeni."

Dakika ya ishirini na sita, Nyota wakapata kona fupi.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo Nyota wanapojua kitu ambacho wengine hawakijui. Kona fupi ni hivi: mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa goli, mwingine anautuliza nje kidogo ya duara, na wa tatu anauvuta kwa gongo na kuurusha golini. Kipa anabaki na mlinzi mmoja pembeni yake kwenye mstari, anayechagua mlingoti wa kulinda. Kwa Nyota, wa kurusha ni Parminder. Na kabla hajarusha, anawatangazia wenzake mpira unakwenda wapi, wajue pa kukimbilia ukirudi.

Anatangaza kwa sauti kubwa, wapinzani wanasikia, na hawaambulii kitu. Anatangaza kwa saa. Kwa saa yetu.

Chora saa kwenye goli. Asubuhi ikifika saa tatu, mshale mfupi unakaa wapi? Juu ya tisa ya Mzungu. Kushoto. Na saa tisa alasiri? Juu ya tatu yake. Kulia. Wasichana wa Nyota wamezaliwa London na Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza, lakini saa hiyo Parminder aliwafundisha kabla hajawafundisha kushika gongo.

Sasa, Leaside hawakuja mikono mitupu. Armelle anasikia Kiswahili. Kaambiwa na meneja wake asimame kwenye mstari, atege masikio.

Alka, msichana wa kusukuma, aliinama na mpira. Parminder akapaza sauti.

"Saa tatu!"

Macho ya Armelle yakawaka. Moja, mbili, tatu: hizo alizijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. "Three!" akamwambia kipa. "It's three o'clock!" Na akaruka kwenda kulia kwa Parminder, kwa mbio zake zote nzuri, akaukumbatia mlingoti usio na shida yoyote.

Mpira ukaingia kushoto. Taratibu. Kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Moja kwa moja!

"Oh my days!" Alka alipiga kelele, akamrukia kapteni wake shingoni. Armelle alibaki ameshika mlingoti, anatazama wavu wa upande wa pili kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"But she said tatu," alisema. "Tatu is three!"

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo kicheko kilipotokea kwenye kitenge.

Annonciata alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka akipiga mapaja. Halafu akasimama, akafanya mikono kipaza sauti, na siri ya Nyota ya miaka kumi na minane akaitangazia uwanja mzima, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, ambako "ndio" ni "njo".

"We Armelle! Saa tatu haiko three! Saa tatu njo nine! Mwaka ule nilikuambia tunakuya ku kanisa saa tatu, ukafika three, watu wote wamekwenda! Njo ile ile!"

"Mum!"

"Nani alikufundisha saa? Geuza! Geuza!"

Sunny, meneja wa Leaside, aliruka kutoka kwenye benchi. "Umesikia? Geuza! Wakisema tatu ni tisa! Wakisema tisa ni tatu!"

Kishor akafunga macho. Silaha ya timu imevuliwa nguo mbele ya watu, na aliyeivua anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge.

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu. Dakika ya hamsini Nyota walipata kona nyingine. Parminder aliita, "Saa tisa!" Armelle hakubahatisha tena. Akaenda kulia, akaupiga mpira nje ya duara kama anafukuza nzi.

"I can tell the time now, auntie."

"Hongera," alisema Parminder. "Mama yako amehangaika."

Goti lilikuwa limevimba. Alianza kukimbia kwa mguu mmoja na nusu, na kila mtu aliona. Kishor akainua kibao: namba ya Parminder kwa rangi nyekundu, namba ya msichana mmoja kwa kijani.

Parminder alikitazama kibao.

Akageuka, akaenda upande mwingine wa uwanja.

"Pammi! Toka!"

Hakusikia.

"Pammi! Nakuona umesikia!"

"Basi umeona vizuri!" alijibu bila kugeuza kichwa. "Macho yako hayana umri, ni magoti ya watu tu yenye umri!"

Kule kwenye viti watu wakacheka. Poonam hakucheka. Alikuwa amesimama, kikombe mkononi, anahesabu hatua za binti yake kama anavyohesabu ngazi asubuhi.

Zimebaki dakika mbili. Alka aliingia kwenye duara, akaangushwa. Mwamuzi akanyoosha mkono: kona fupi.

Ya mwisho.

Armelle alisimama mstarini, ametega masikio, midomo inacheza. Parminder alimwona. Alimtazama kama anavyotazama kioo cha pembeni cha basi, anapojua kabisa kwamba yule wa baiskeli atakatiza. Na Parminder alijua midomo ile inasema nini. Geuza. Geuza. Tatu ni tisa. Tisa ni tatu. Mtoto amefundishwa jambo jipya leo, na anatamani kulitumia.

Alka aliinama.

Parminder akavuta pumzi, akaita kwa Kiingereza safi cha abiria wa asubuhi, kila herufi mahali pake:

"Three o'clock!"

Armelle akageuza.

Aligeuza kwa kasi ya umeme, jamani. Tatu ya watu hawa ni tisa! Akaruka kushoto kwa Parminder, mikono na gongo na roho yake yote. Na mpira ukaenda pale pale ulipoambiwa uende, tatu ya Mzungu, tatu ya saa ya ukutani, tatu anayoijua hata mtoto wa chekechea. Kulia. Juu. Ndani.

Nyota mbili, Leaside moja. Na filimbi ya mwisho.

"You said three!" Armelle alikuwa karibu kulia.

"Nilisema three," alijibu Parminder, akihema, ameegemea gongo. "Kwani three iko wapi?"

Mtu wa kwanza kumfikia hakuwa Alka. Alikuwa Kishor. Alimkumbatia jasho na matope na yote.

"Pammi wangu! Ulikuwa umelificha wapi hilo?"

"Kwenye kichwa. Wewe ulikuwa unatazama goti."

"Nimeghairi. Umesikia? Nimeghairi! Huendi popote. Twende kwa Ranjan tukaifute."

Wakaenda mezani. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Ranjan alikuwa ameweka fomu mbili mbele yake, ya Armelle na ya Parminder, na simu juu yazo. Sunny wa Leaside alikuwa ameshafika, ameegemea meza kama anamngoja mwenye duka afungue.

"Ranjan-bhai," alisema Kishor, "tunaondoa fomu yetu. Ilikuwa haraka haraka, makosa ya ofisi."

"Haondoi mtu kitu," alisema Sunny. "Klabu yake imesaini. Klabu yangu imesaini. Na mchezaji amesaini. Asubuhi nilikuwa namchukua kwa sababu nyinyi mlikuwa mnamtaka sana msichana wangu. Sasa namtaka mwenyewe. Mtu anayemdanganya mtu kwa kumwambia ukweli, huyo simwachi."

"Ranjan-bhai, mwambie."

Ranjan alivua miwani. Ni mtu wa taratibu, hapandishi sauti. "Kanuni iko wazi. Hapa anayeweza kuifuta ni mchezaji peke yake, na kwa sababu moja tu, kama hakusaini yeye. Lakini akisema hivyo, lazima niandike nani alisaini, na jina linakwenda panapohusika. Sina hiari." Akamgeukia. "Parminder, nakuuliza mara moja. Hii sahihi ni yako, ama si yako?"

Kishor akamsogelea sikioni. "Sema si yako."

"Halafu?"

"Halafu Mami ataandikiwa barua mbili tatu. Mama wa umri ule, nani atamfanya nini?"

Parminder alimgeukia polepole. "Jumanne ulikunywa chai vikombe vingapi kwetu?"

"Pammi, wakati huu..."

"Vingapi?"

"Viwili."

"Mkono uliokumiminia ndio huo unataka niupeleke polisi."

Kishor akarudi nyuma hatua moja.

Nyuma yao kiti cha kukunja kililia. Poonam alikuwa anakuja, shali begani, uso umekaza. "Ranjan, sikiliza. Hiyo karatasi..."

"Mami, kaa chini."

"Mimi ndiye..."

"Mami! Wewe ulisema yako Jumanne. Sasa zamu yangu."

Poonam alisimama. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na akaona kinachokuja, na midomo ikafunguka kukizuia. Alikuwa amechelewa.

"Ni yangu," alisema Parminder.

Ranjan akarudisha miwani usoni.

"Ni nini?" Kishor aliuliza, ingawa alisikia.

"Sahihi. Ni yangu. P. K. Bhogal. Ranjan-bhai, andika."

"Lakini ulisema hutoki! Mbele yangu! Leo leo!"

"Nilisema hunitoi. Kwenda ni kitu kingine, kwenda naenda mwenyewe." Alikuwa anafungua kitambaa cha ukapteni mkononi. "Asubuhi ulitaka niende kwa sababu nimeisha. Sasa unataka nibaki kwa sababu sijaisha. Kishor-bhai, mara zote mbili hukuniuliza."

Kitambaa hakumpa mwenyekiti. Alimwita Alka, akamfunga mkononi mwenyewe, akakaza fundo kwa meno.

"You can't just go," alisema Alka, machozi tele.

"Naenda Edmonton, siendi kaburini. Inua kichwa. Na usimruhusu huyu akuandikie majina."

Sunny alikuwa ameanza kutabasamu. Parminder akamwona.

"Na wewe usicheke bado. Benchi sikai. Na mazoezi nakuja nikitoka kazini, si kabla."

Tabasamu likaondoka. "Sawa, dada."

"Kapteni."

"Tunaye kapteni, lakini..."

"Tutaongea."

Annonciata, aliyekuwa amesogea na binti yake kusikiliza, alipiga kofi moja la furaha. "Huyu mama!" alimwambia Armelle. "Angalia vizuri. Njo vile mutu anasimama." Armelle alikuwa anaitazama fomu yake mwenyewe pale mezani, yenye sahihi yake halisi, inayomleta timu ambayo mwenye nayo anaondoka.

Poonam alifika mezani. Alimshika binti yake kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Nilitaka upumzike."

"Najua, Mami."

"Sasa utacheza mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposaini mimi."

Mama yake aliachia kile kiwiko. Halafu akakishika tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii hakukivuta.

Kishor ndipo akili ikamrudia. Ilimrudia yote kwa pamoja, na rangi ikamtoka usoni.

"Ngoja. Ngoja! Jumamosi ni marudiano! Leaside wanacheza na sisi!"

"Najua."

"Fomu ikitumwa leo, utacheza! Na jezi yao!"

"Najua, Kishor-bhai. Kanuni niliisoma. Na miwani."

"Pammi, tuko mbele mbili kwa moja!"

Parminder alichukua gongo lake, akaliweka begani.

"Hayo mawili ni yangu," alisema. "Jumamosi nakuja kuyachukua."

Kishor aliirukia meza, mikono mbele, vikombe vya chai vikaenda chini. Aliikamata simu kwa mikono miwili.

Kidole cha Ranjan kilikuwa kimeshashuka.